Banki Ilipokula Mchango wa Nsimire

Ile siku banki ilinifanya nionekane mwizi, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya arusi yangu. Naona umetoka kwenye gishe, lile dirisha la banki, umekunja uso, unawatukana watu wa mule ndani. Kaa kwanza. Mimi pia niliwatukana, na sauti ikanikauka bure.

Nilikuwa bado kijana, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaushwa, hapa sokoni Nyalukemba. Sisi wamama wauza samaki tulikuwa na likilimba yetu: kila juma kila mtu analeta kidogo, na akiba tunaiweka banki. Mimi ndiye nilikuwa mtunza pesa, kwa sababu tu nilijua Kifaransa cha kusalimia.

Basi mtoto wa mwenzetu Nsimire akapasuliwa tumbo, na hospitali ikakataa kumruhusu arudi nyumbani mpaka bili ilipwe. Tukachanga. Kila nilichopokea nilikipeleka kwenye konti, kisichelewe nyumbani mwangu. Siku ya kwenda kutoa, msichana wa gishe akaniambia, “Maman, pesa haitoshi. Kuna ajio.”

“Huyo Ajio ni nani?” nikauliza. “Nani alimupa ruhusa ya kugusa pesa zetu?”

Akanieleza kwa Kifaransa cha mbio. Sikuelewa kitu. Nikapiga kelele, mlinzi akanitoa nje, na mkononi nina kilichobaki tu, hakifiki hata nusu ya mchango.

Kufika sokoni, maneno yalikuwa yamenitangulia: Mama Aline, yaani mimi, amekula pesa. Nsimire mwenyewe, rafiki yangu, aliangalia tu kitenge nilichovaa, kilikuwa kipya. Hata leo nikikumbuka yale macho, damu inachemka.

Nikaamua kuuza sambaza zangu zote kwa mfanyabiashara wa Bunyakiri, nijaze pengo, yaishe. Nilikuwa nafunga magunia aliponikuta Maman M'Cirhuza, muzee wetu, prezida wa kikundi.

“Unafanya nini?”

“Nalipa, Maman.”

“Ulikula?”

“Hapana!”

“Sasa unalipa nini? Ukilipa, utakuwa umekubali. Mutoto wako atakomaa akiitwa mutoto wa mwizi. Fungua hayo magunia. Kesho tunaenda sisi wote.”

Asubuhi tukaijaza banki, harufu ya samaki mpaka kwenye ofisi ya mkubwa wao. Mlinzi alijaribu kutuzuia. Maman M'Cirhuza akakaa chini kwenye vigae.

“Binti yangu,” akamwambia msichana wa gishe, “sema kwa Kiswahili, polepole, wote wasikie. Pesa yetu iko wapi?”

Msichana akamtazama mkubwa wake, kisha akasema. Banki inakata ada kila mwezi kwa kutunza konti. Miezi ile uvuvi ulipofungwa hatukuweka kitu, tulikuwa tunatoa tu, konti ikaisha. Wao wakaendelea kukata mpaka ikashuka chini ya sifuri. Halafu wakatutoza tena, eti kwa kuwa tuko chini ya sifuri! Hiyo ndiyo ajio. Pesa za mtoto zilipoingia, zikafukia kwanza lile shimo.

“Kwa hiyo Mama Aline hakugusa kitu?” akauliza Maman M'Cirhuza.

“Hapana, Maman. Hata feranga moja.”

Nsimire akalia. Akanishika mkono, hakuuachia.

Kurudisha pesa, mkubwa alikataa kabisa. “Mulisaini,” akasema. Kweli, nilisaini, na hakuna aliyenisomea. Tukaomba kufunga konti. Mwanangu, hata kufunga kulikuwa na bei yake! Wamama wakacheka kwa hasira. Palepale kila mmoja akafungua fundo la kitenge chake, tukachanga upya, tukaongeza kwenye kile kilichobaki, tukalipa hospitali, na usiku ule mtoto alilala kwao.

Sasa nisikilize. Usisaini karatasi kabla hujaelezwa kwa lugha unayoitumia sokoni. Uliza wazi: mwezi ambao sina kitu, mutanikata nini? Usimtukane msichana wa gishe, si yeye aliyepanga ile bei. Mwombe aseme kwa sauti, mbele ya watu. Na hata uchoke namna gani, usilipe ili watu wanyamaze juu ya kosa usilolifanya.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani, jasho lako likufikie mkononi likiwa zima, na jina lako libaki safi katika mji huu wa Bukavu.