Vinyago vya Shule ya Vidudu

Mimi ndiye niliyekuwa napika uji wa shule ya vidudu, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia Mwalimu Teodosia alikuwa mchawi, au mhuni, au sijui nini. Watu wa hapa wana midomo. Mimi nilikuwepo, na nilichokifanya nakijua.

Alikuja mwaka 1981. Landrova kutoka Nachingwea ilimshusha na sanduku la bati, godoro, na boksi la vitabu vya picha. Kwao Ukerewe, huko ziwani, mbali mno na sisi. Kijiji kikampa ghala la zamani la korosho liwe darasa, na Mzee Kaimu, mwenyekiti wetu, akamwambia mbele yangu, "Mwalimu, watoto wakipungua ishirini, ghala letu tunalichukua." Mwalimu akacheka, akasema hawatapungua. Lakini neno lile lilimkaa. Kila asubuhi, hata kabla ya salamu, nilimwona anahesabu vichwa kwa kidole.

Vitabu vyenyewe vingi alivitengeneza kwa mkono. Alikata picha kwenye magazeti, akazibandika kwenye maboksi ya sabuni kwa gundi ya muhogo, na gundi hiyo akaipika kwenye sufuria yangu ya uji. Nilinuna siku mbili. Kitabu kimoja tu kilikuwa cha kiwandani, kimetoka nje, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na tunda jekundu. Ni tofaa, lakini nani hapa alishaona tofaa?

"Hili ni tunda gani?" akawauliza.

"Bibo," wakajibu wote, lile tunda la mkorosho.

Saburi wangu, wakati huo ana miaka mitano, akauliza, "Mwalimu, korosho yake kala nani?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwasahihisha. Alichukua kalamu, akachora korosho chini ya lile tunda, akaandika BIBO kwa herufi kubwa. Siku hiyo ndipo nilipompenda. Sufuria nikamsamehe.

Watoto wetu nyumbani walisema Kimwera, Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini kwa zile picha walianza kuongea mpaka wakatuchosha. Walifika ishirini na sita. Basi Mwalimu akapanga siku ya wazazi, ili wazee waje waone kazi za watoto wao na wasiwatoe wakati wa kilimo. Akawapeleka bondeni kuchimba udongo, palepale tunapochimba sisi wanawake. Waliporudi akawakalisha, akawaambia, "Leo tutafinyanga vinyago."

Nilisikia kutoka jikoni nje, nikaacha kukoroga uji.

Kwake kinyago ni sanamu yoyote, hata ya kuku. Angesema sanamu, yangekwisha. Huku kwetu kinyago ni cha unyago, wasichana wanapofundwa. Kinafinyangwa kwa udongo uleule wa bondeni, kinafunikwa, anayekiona ni mwanamke aliyechezwa ngoma hiyo, na alichoambiwa mbele yake hakisemi popote. Mama yangu, Bi Stumai, alikuwa kungwi, mimi nimelelewa ndani ya mambo hayo. Mtoto wa miaka mitano akilitamka neno hilo mbele ya watu, anachapwa.

Ningemwambia palepale. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Ningeanzia wapi? Yeye hakuchezwa, kwao hawana hayo. Kumweleza kwa nini neno lile ni zito ilikuwa lazima nimwambie lile zito lenyewe, na hilo siruhusiwi.

Naye akaendelea kujichimbia. Udongo usije ukapasuka, akalowesha khanga yake moja akafunika kazi yote. Kisha akawaambia watoto, "Nyumbani msiseme mmefinyanga nini. Tutafunua siku ya wazazi." Alitaka wazazi washangae, wafurahi. Jamani. Udongo wa bondeni, kufunika, siri, na neno lenyewe. Mtu angekaa akapanga kujiharibia, asingepanga vizuri kuliko vile.

Mtoto wa Abdala, fundi cherehani, alifika nyumbani, baba yake akamuuliza leo wamesoma nini. Akajibu, "Vinyago, ila tumekatazwa kusema."

Kesho yake asubuhi mkutano, nje ya ghala. Wanaume mbele, sisi nyuma. Mwalimu Teodosia amesimama mlangoni, hajui hata ameitiwa nini. Mzee Kaimu akamuuliza ni kweli anawafundisha watoto vinyago.

"Ni kweli, mzee wangu," akasema. "Ni vinyago tu. Karibuni ndani mvione."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Wanaume hawawezi kwenda kutazama kitu hicho, na sisi hatuwezi kukifunua mbele ya wanaume. Kila alipolitaja neno, wanawake waliinamisha vichwa. Yeye akadhani hawamsikii, akalisema kwa sauti kubwa zaidi.

Mzee Kaimu akanigeukia. "Mama Saburi, wewe unashinda hapa. Umeviona?"

Sikuwa nimeviona. Siku nzima niko jikoni nje na kuni zangu. Lakini kutoka niliposimama mpaka kwenye ile khanga ni hatua kumi, mwanamke aliyechezwa, mtoto wa kungwi. Ningeingia peke yangu, nikafunua, nikatoka nikasema kuna nini, na yangeishia hapo. Mama alikuwa ananitazama. Nikaogopa, na sina neno jingine la kuliita. Nikaogopa mama yangu mbele ya watu.

"Sijaviona, mzee," nikasema. "Vimefunikwa."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyommaliza. Wanawake waliguna wote kwa pamoja.

Siku iliyofuata walikuja tisa. Baada yake wanne. Mwalimu akawahesabu kwa kidole vilevile, akawasomea kile kitabu cha bibo kama vile wako ishirini na sita. Siku ya nne alikuja Saburi peke yake. Jioni mama akaniuliza, "Mwanao anakwenda kutafuta nini kule?" Nikamzuia. Wa mwisho kumtoa mtoto ni mimi, sitaki kuficha.

Mwalimu alikuja kwangu kabla ya kuondoka, akakaa kwenye kibao.

"Mama Saburi, niambie wewe. Nimekosa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kila ninayemuuliza hajui," akasema. Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Akampa Saburi kile kitabu cha kiwandani, na Ijumaa akapanda lori la Nachingwea na sanduku lake. Hakurudi, na mpaka leo hajui alikosa nini.

Wiki ileile Mzee Kaimu akaniambia nifagie ghala, magunia yanakuja. Khanga yake ilikuwa palepale kwenye kona, imekauka na kukakamaa kwa udongo. Nikafunga mlango kwa ndani, nikaifunua.

Kulikuwa na kuku. Chungu. Redio yenye kijiti cha antena. Landrova imepungukiwa tairi moja. Mabibo mengi, kila moja na korosho yake. Na pembeni mwanamke amesimama, ana upawa mkononi, sufuria iko mbele yake, na kilemba kimefungwa ubavuni, kama ninavyofunga mimi na hakuna mwingine kijijini anayefunga hivyo. Chini yake Mwalimu alikuwa amechora herufi moja, S.

Nililia, sikatai. Nilikaa chini pale kwenye vumbi nikalia mpaka wabeba magunia wakaanza kugonga mlango. Sikuweza kuwaonyesha wanaume vitu vilivyokwisha kuitwa vinyago, wala kuvipeleka nyumbani kwa mama. Nikavikusanya vyote kwenye karai, nikavitia maji, nikavikanda kwa mikono yangu. Udongo mkavu haurudi haraka. Yule mwanamke alikuwa wa mwisho kulainika.

Jioni Saburi alinikuta naosha lile karai. Akachuchumaa karibu yangu.

"Mama," akasema, "siku ya wazazi ni lini? Kuna kitu nimekutengenezea, ila nimekatazwa kusema."