Ifutwe Vizuri, Hasa Pembeni

Ukitaka kumjua Zima-Washa, mpigie simu umwambie kompyuta yako imekufa. Hatauliza imekufaje. Atasema, "Zima, kisha washa," na kabla hujamaliza kulalamika ameshakata simu. Mara saba katika kumi mashine inafufuka, nawe unabaki na hasira zako bila wa kumtupia. Jina lake halisi liko kwenye orodha ya mishahara tu. Chuo kizima, kuanzia mkuu hadi mpika chai, kinamwita hivyo, naye anaitika.

Mimi ni karani wa Kitengo cha Huduma za Kompyuta, mwaka wa kumi na nne sasa kwenye meza ya mapokezi, mkono wa kushoto ukiingia. Napokea malalamiko na kuandika taarifa: mtandao utakatika saa ngapi, printa ya maktaba imepona, neno la siri lisiwe jina la mtoto wako. Najisifia ufupi. Mkuu wa kitengo akiniletea kurasa mbili, mimi natoa mistari miwili, na watu wanaisoma. Nilijiona fundi wa maneno. Majivuno hayo ndiyo yaliyotuponza, na ni heri niyaseme mwenyewe kabla hujayasikia kwa mwingine.

Zima-Washa hana cheti cha kompyuta. Aliletwa chuoni kama kibarua wa umeme, abadilishe taa zilizoungua. Kompyuta za kwanza zilipofika ndani ya makasha, yeye ndiye aliyezipandisha ngazi moja moja, kisha akakataa kutoka chumbani mpaka aone zinavyowashwa. Wataalamu waliokuja nazo walikaa wiki mbili wakaenda zao. Yeye akabaki na bisibisi yake na daftari alimochora kila waya na mahali unapokwenda. Vijana wenye shahada wamepita hapa, wakajifunza kwake, wakapandishwa vyeo, wakamwacha katika kile chumba chake chini ya ngazi. Mimi jambo hilo linaniudhi. Yeye wala.

"Dada, cheo hakitengenezi printa," huniambia.

"Lakini kinanunua viatu," humjibu, maana vyake vimelika visigino. Hucheka, akaendelea na kazi.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri alikuwa na mgeni mmoja. Mhadhiri wa hesabu, mzee aliyekwisha kupita umri wa kustaafu lakini chuo hakijapata wa kumrithi. Wanafunzi humwita Mzee Hesabu. Alikuja na simu yake mkononi, akabisha hodi hata kama mlango uko wazi, na Zima-Washa alimwamkia shikamoo huku akimvutia kiti. Kisha walipanda pamoja ofisini kwa mzee, wakahamisha sauti kumi kutoka kwenye kompyuta yake kuziingiza kwenye simu. Kumi tu, si zaidi.

Sauti zenyewe zilikuwa za mke wake. Mama yule alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Zamani chuo kilianzisha mradi wa masomo ya kusikiliza kwa watoto wanaoanza kusoma, akaitwa asome maneno mia nne, A mpaka Z, na Zima-Washa ndiye aliyemshikia kipaza sauti. Mradi ulikufa kama ifavyo miradi. Sauti ikabaki kwenye mashine ya mumewe, hakuna aliyeikumbuka. Halafu mwaka jana mama akapigwa na kiharusi. Kiliuchukua mkono wake wa kulia, na kikayachukua maneno yote, asibakiwe hata na ndiyo au hapana. Mtaalamu wa matamshi hospitalini akasema ajaribiwe kwa sauti anayoifahamu, maneno kumi kwa wiki, bila haraka. Mzee akakumbuka kuwa anayo sauti ambayo mkewe anaifahamu kuliko zote.

Basi jioni waliketi sebuleni, simu ikasema "baba" kwa sauti ya mama mwenyewe, naye mama akahangaika na midomo mpaka akasema "baba". Wiki kumi na tisa walikwenda hivyo. Daftari. Jiko. Kiti. Maneno mia na tisini yalikuwa yamerudi nyumbani.

"Mzee, kwa nini usiyachukue yote ukayaweka?" nilimwuliza siku moja. "Siku hizi tunaweka vitu kwenye wingu."

"Wingu?" alisema. "Mwanangu, wingu likijaa linamwaga. Na mtaalamu kasema kumi. Nikiwa nayo yote mfukoni nitakosa subira, nitamchosha." Akaitazama simu yake. "Wiki ijayo tunaanza L. Ni fupi. Halafu M."

"Kwenye M kuna nini?"

"Kuna mimi," alisema, akatoka.

Wiki hiyohiyo mkuu wa kitengo aliniletea kurasa zake. Chuo kinahamia mfumo mpya, mashine za zamani za wahadhiri zinasafishwa ndani na kuwekewa programu mpya, kila mtu ahamishe kazi zake kwanza, na kadhalika na kadhalika. Mambo hayo ya kuhamisha yalikuwa yameshasemwa kwenye mkutano, nikaona ya nini kurudia. Niliandika: "Jumatano kompyuta zote za zamani zitafutwa. Acheni funguo mapokezi." Nikaibandika kwenye kila mlango, nikaitazama, nikaipenda.

Mzee Hesabu hakuwepo kwenye mkutano. Alikuwa hospitalini na mkewe. Alirudi Jumanne jioni, akakuta taarifa yangu mlangoni, na kwa kuwa ofisi yake ina dirisha lisilofungika upande wa barabara ya vumbi, na kwa kuwa amelalamikia vumbi hilo tangu sijaajiriwa, alifurahi. Alikata kipande cha karatasi akaandika kwa herufi kubwa, akakibandika juu ya mashine: IFUTWE VIZURI, HASA PEMBENI. AHSANTENI SANA.

Zima-Washa ana desturi moja ambayo haivunji. Kabla hajagusa mashine ya mtu, humwuliza mwenyewe uso kwa uso, "Umeshahamisha vitu vyako?" Jumatano ile alikuwa na mashine thelathini na moja na siku moja. Alipofika kwa mzee akakuta karatasi, akaichukua kuwa ndilo jibu. Vizuri, hasa pembeni: akaelewa kwamba mzee ana mitihani ya siri humo na hataki kibaki hata chembe. Basi akafuta kwa njia ile ngumu, mara tatu, mpaka kwenye pembe za mwisho kabisa. Aliniambia baadaye kwamba ile ndiyo mashine aliyoifuta kwa moyo kuliko zote.

Alhamisi asubuhi mzee alikuja mapokezi akicheka, kidole chake cha shahada kimeinuliwa.

"Hebu tazameni hiki kidole. Vumbi lilelile! Nimeandika kwa herufi kubwa, na bado hamjaifuta."

Zima-Washa alikuwa amechutama chini ya meza yangu, akirekebisha waya. Nilimwona akisimama polepole. Alikitazama kile kidole, akanitazama mimi, na nadhani tulielewa kwa pamoja. Yeye alikwenda kumshika mzee mkono, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamwambia lote bila kujikinga na neno hata moja.

Mimi nikaanza kulia na kusema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika, neno ni langu.

"Neno ni letu sote," mzee alisema. "Hata mimi ningeliandika hivyo." Kisha akajaribu kupiga hesabu, maana ndiyo kazi yake. "Mia na tisini si haba. Watu wanaishi na machache kuliko…" Hakumaliza. Alifuta kidole chake kwenye suruali, akaenda darasani.

Siku mbili Zima-Washa hakula mchana. Alijaribu kila alichokijua ingawa alijua alivyofuta. Alipekua diski za zamani stoo, akawapigia simu wataalamu waliokuwa kwenye ule mradi, mmoja akacheka, mwingine hakukumbuka hata chuo. Ijumaa saa tisa mzee hakuja. Jumatatu, Zima-Washa alinijia na swali.

"Dada, ile orodha ya maneno ya mradi, ile ya karatasi, unayo?"

Mimi situpi karatasi. Nilimpa.

"Nitayasoma mimi," alisema.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nimelificha kwa heshima yake, kwa kuwa humu kwenye maandishi nimemnyoosha. Zima-Washa hana R. Kwake karatasi ni kalatasi na barabara ni balabala. Shuleni walimcheka kila aliposimamishwa kusoma, mpaka alipofika darasa la sita akaamua kwamba shule imetosha. Hajasoma kitu kwa sauti mbele ya watu tangu siku hiyo. Mikutanoni, taarifa zake nazisoma mimi.

"Nisome mimi basi," nilimwambia. "Angalau nina sauti ya kike."

"Aliyefuta ni mimi."

Alitundika blanketi kwenye mlango wa chumba chake ili mwangwi usiingie, akasoma peke yake. Mimi nilikuwa nje ya blanketi, nikamsikia akirudia lile la kwanza, "lala", mara kumi na moja. Jamani, nampenda mtu huyu kama ndugu wa tumbo moja, lakini sikuwahi kumwambia, wala siku hiyo sikumwambia.

Mzee alizipokea zile sauti kwa shukrani. Wiki ya kwanza hakikutoka kitu. Mama aliisikia sauti ngeni ya kiume ikisema "leo", akageuza uso ukutani. Wiki ya pili vivyo hivyo. Hakusema "maji", hakusema "meza", hakusema "mimi". Mtaalamu alionya kwamba mgonjwa akikata tamaa hata alichonacho kinaweza kupotea. Kweli, jioni moja mzee alipomwekea yale ya zamani, "baba" ilitoka nusu. Alitueleza hayo akiwa amesimama mlangoni na hakutaka kiti. Zima-Washa aliitazama sakafu. "Niache, Mzee?" aliuliza. Mzee akasema amalize hiyo M tu, basi.

Jumanne iliyofuata, si Ijumaa, saa nne asubuhi, mzee aliingia mapokezi anahema, shati limetoka nje ya suruali.

"Yuko wapi?"

Zima-Washa akatoka chumbani kwake, akidhani ameua.

"Jana usiku tumefika kwenye mpira," mzee alisema. "Simu ikasema… unajua ulivyosema. Mama akageuka. Akaniambia, 'Siyo.' Nikadhani nimesikia vibaya. Nikabonyeza tena, ikasema vilevile. Akasema, 'Siyo. Rudia!' Maneno hayo hayamo kwenye orodha! Hakuna siyo, hakuna rudia. Nikabonyeza tena, simu ikasema vilevile, si simu jamani! Mama akakasirika, akapiga mkono wa kiti, 'Rudia! Rudia!' Asubuhi hataki chai. Ananionyesha mlango." Akamshika Zima-Washa bega. "Anataka huyo mtoto aletwe."

Huyo mtoto ana miaka hamsini na saba.

Tulikwenda sote watatu. Kitengo nilikifunga, nikabandika mlangoni taarifa ya neno moja, "Tunarudi", na ole wake atakayelalamika. Mama alikuwa ameketi dirishani, khanga begani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakuwa na habari na mimi. Alimtazama Zima-Washa kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu, kisha akamwonyesha kwa kidole kigoda kilichokuwa mbele yake. Akaketi, magoti yamemfika kidevuni, jasho linamtoka.

"Mama, nisamehe," alianza. "Ni mimi niliye…"

Akamkatiza kwa mkono. Hakutaka habari hizo. Alimsubiri.

"Mpila," alisema Zima-Washa kwa sauti ndogo.

"Siyo."

"Mpila."

"Siyo. Rrr." Alifungua mdomo amwonyeshe ulimi unapogusa. Upande mmoja wa mdomo haukumtii, ulining'inia, naye akauinua kwa vidole vyake vya kushoto na kuushikilia hapo ili mwanafunzi aone vizuri. "Rrra. Rudia."

Zima-Washa akafungua mdomo wake, akainua na yeye upande mmoja kwa vidole, maana alifuata kila kitu. Nusura nicheke. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, ameushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, na machozi yanamtiririka bila yeye kujishughulisha nayo.

"La," alisema Zima-Washa. "Lla. Dra."

"Rudia."

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Mama hakuchoka wala hakupandisha sauti, na kila mara neno lake lilitoka safi zaidi, mpaka nikasahau kwamba ni mgonjwa. Zima-Washa alifumba macho. Alisema taratibu, kama mtu anayevuka mtaro kwa ubao mmoja.

"Mpi… ra."

Akafumbua macho.

"Mpira," alisema tena haraka, asije akaipoteza.

Mama alimtikisia kichwa. "Vizuri," alisema. "Kaa."

Zima-Washa alikuwa ameshaketi tangu mwanzo. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, hakujua afanye nini. Basi akasimama wima, mikono ubavuni, kisha akakaa.