Jina Moja, Fomu Mbili

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, kadi yangu ya mpiga kura bado mpya, na kazi yangu kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, hapa hapa chini ya Ujiji. Mikono ilikuwa myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akili ndiyo ilikuwa inakuja nyuma taratibu, haina haraka.

Basi tulikuwa na mzee mmoja, Mzee Kabura, mshona nyavu, Muha wa Kagunga aliyehamia kwetu. Kila uchaguzi ukifika anagombea udiwani kwa chama kidogo, ambacho bendera yake tulikuwa tunaiona juu ya bati la nyumba yake tu. Kila uchaguzi anashindwa. Na hoja yake ilikuwa ile ile tangu mimi mtoto: wanawake wa mwaloni wajengewe vichanja, dagaa waache kuanikwa mchangani, maana dagaa wa mchangani ukimtafuna meno yanalia kwarakwara. Tulimcheka huyo! Tulimwita Mheshimiwa Vichanja. Na kinara wa kucheka nilikuwa mimi, huku anayeshinda juani akipepeta mchanga ni mimi huyo huyo. Ujinga una vituko vyake.

Mwaka ule kijana wa chama kikubwa alipita mwaloni na fomu, akanipa fulana, akaniambia, "Dada, mdhamini mgombea wetu." Nikatia sahihi. Siku ya tatu akaja Mzee Kabura. "Mwakeye, mwanangu," akanisalimu kwa Kiha chake, nami nikampa shikamoo yake. Akanieleza polepole: mgombea harudishi fomu bila wadhamini, wapiga kura wa kata hii hii, na yeye amebakiza mmoja. Sasa sisi tuliolelewa Ujiji tulifundishwa kwamba mkubwa akiomba hanyimwi; kumwambia mzee "hapana" usoni ni kukosa malezi. Nikaona haya kumwambia kwamba jina langu nimeshalitoa. Nikatia sahihi na kwake, tena kwa tabasamu. Nikajiona nimefanya adabu.

Lo! Adabu gani ile.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, adhuhuri imeshaadhiniwa, namwona Mzee Kabura anashuka mwaloni, kofia mkononi. Msimamizi pale ofisi ya kata amelikuta jina langu kwenye fomu mbili, na mtu mmoja hadhamini wagombea wawili. Kwenye fomu yake limekatwa. Amepungukiwa mdhamini mmoja, na ofisi inafunga saa kumi. Asipompata mwingine anaenguliwa, na yule wa chama kikubwa anapita bila kupingwa.

Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu. Lakini si ungeshindwa tu?" Unauona mdomo huo?

Hakukasirika. Bora angekasirika! Alisema, "Kushindwa nimezoea, mwanangu, hakuniumi. Lakini anayepita bila kupingwa hapiti mwaloni. Aje kumwomba nani kura? Mimi nikiwa kwenye karatasi, atake asitake atakuja akanyage mchanga wenu. Na wewe ulikuwa na haki ya kuninyima. Ungeninyima, ningekwenda kwa mwingine, siku zilikuwepo. Umenipa kitu ambacho hukuwa nacho."

Machozi yalinitoka mbele za watu. Nikaacha dagaa, nikatoka mbio kutafuta mdhamini. Wavuvi wote wamelala, wametoka ziwani alfajiri. Nagonga mlango, najibiwa kwa mkoromo. Mmoja aliamka, kumbe kadi yake imo sandukuni na mkewe kaenda Mwandiga na ufunguo. Wengine walikuwa macho kabisa, ila wakisikia jina la chama kile wanakumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa wa kwenda kumjulia hali.

Nikaishia kwa shangazi yangu Mwamini, siyo kuomba sahihi, kulia tu. Nani angemwomba sahihi? Alikuwa kada wa chama kikubwa huyo, kitenge cha chama, kilemba cha chama, hata mlango wake aliupaka rangi za chama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Wadhamini wa mgombea wetu walitimia kabla zamu yangu haijafika," akasema. "Jina langu ninalo bado. Lete baiskeli."

"Shangazi! Wewe umdhamini Mzee Kabura?"

"Kumdhamini mtu si kumpigia kura, mjinga wewe. Tukimshinda asiyekuwepo, tutamringia nani?"

Shangazi alikuwa mnene, Mungu amrehemu, na kile kilima cha kwenda ofisi ya kata unakijua. Nakanyaga pedeli, yeye nyuma kwenye kiti cha mizigo ananihimiza: "Haraka haraka haina baraka, lakini leo kanyaga!" Tuliingia ofisini zimebaki dakika chache, tukamkuta Mzee Kabura anasubiri na fomu yake; mimi nahema utadhani nimekimbia kutoka Kidahwe. Msimamizi akakitazama kile kitenge, akasema, "Mama, fomu ya kwenu siyo hii." Shangazi akamwekea kadi mezani: "Soma namba, mwanangu. Kitenge hakipigi kura." Ofisi nzima ikacheka, na yeye akacheka, akapokea. Shangazi akamgeukia Mzee Kabura: "Na usidhani. Kura yangu huipati ng'o!" Mzee akajibu, "Nipe ubishi, shangazi, kura nitaomba kwa wengine." Furaha niliyoipata siku ile sijui niiseme vipi.

Basi mgombea wa chama kikubwa akaja mwaloni, siyo mara moja, mara tatu. Akaketi na sisi mchangani, akatafuna dagaa wetu, meno yakamlilia mwenyewe. Akaahidi vichanja mbele ya kadamnasi. Siku ya matokeo Mzee Kabura akashindwa, kama kawaida yake, akampa mshindi mkono, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akacheza ngoma kuliko walioshinda. Tukala migebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo nyumbani kwake, shangazi akiwa wa kwanza kunawa. Vichanja vikajengwa, nusu. Uchaguzi uliofuata mzee akagombea ile nusu iliyobaki, na mdhamini wa kwanza kwenye fomu yake nilikuwa mimi.

Mwanangu, jina lako usiligawe kwa kuona haya. Ukikataa, kataa mapema na kwa heshima, mwenzio apate kujipanga. Hapana ya mapema ni msaada, na ndiyo ya uongo humfungia mtu mlango. Na usimcheke anayeshindwa kila mara. Mwulize kwanza anadai nini, pengine anakudai haki yako wewe. Kura ni siri yako, mpe umpendaye. Lakini usifurahie ushindi wa chama chako kama mwenzako alizuiwa kuingia uwanjani.

Nenda, mwanangu. Mola akupe ndiyo inayotimia na hapana isiyo na chuki. Akupe mshindani wa kukutoa usingizini, na siku ukishindwa, akupe miguu ya kucheza. Amina.