Ugonjwa wa Kamba za Viatu

Tangu marafiki wanne washuke kutoka mji wa milimani, mabegi mgongoni, mzee aliyewaongoza jangwani hakumaliza mwendo wa saa moja bila kuchuchumaa kufunga kamba za viatu. Vidole vyake vinene havikujua haraka. Marafiki hao walimwita Kobe, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Siku ya tatu, mmoja wao, msichana aliyebaki nyuma kabisa, akificha kuchechemea kwake, alimfikia akiwa bado amechuchumaa. Kumbe kamba zilikuwa zimekazwa kitambo, anazipapasa tu.

“Vuta pumzi, mwanangu,” mzee alimnong'oneza, wengine wasisikie. “Kisigino bado kinauma?”

Wenzake waliotangulia wakapaza sauti: “Kobe, tutafika mwakani!”

Msichana akainamisha uso. Jina hilo alilitunga yeye.