Ng'ombe Aliyevuliwa Kengele

Kosa lilikuwa langu, nalisema kabla bibi hajaniwahi.

Likizo ile nilirudi Kifanya kutoka shuleni Makambako na begi la nguo chache na takataka nyingi: vidude viwili vya redio vidogo kama kiberiti, mota ya printa mbovu na kopo la maziwa ya unga. Kidude kimoja kinarusha mawimbi. Kingine kinakaa ndani ya kopo kikipima nguvu yake. Mota inalizungusha kopo taratibu, simu inaonyesha namba. Upande namba inapopanda, huko ndiko mwenzake aliko. Rahisi kama kusengenya!

Nilihitaji mtu wa kupotea ili nimtafute. Ng'ombe wa bibi alikuwa na mkanda imara shingoni, ila ulikuwa umening'inizwa kengele. Jioni nikaivua, nikafunga kidude changu kinachorusha mawimbi.

Asubuhi zizi tupu, na ukungu umemeza msitu mzima wa misindano.

"Mbona sisikii kengele?" bibi akauliza.

"Ninayo mfukoni, bibi."

"Umemvua kengele ng'ombe mwenye mimba ya kuzaa leo kesho, ukamvalisha simu?"

"Si simu, bibi, ni..."

"Basi mpigie! Ndama akizaliwa kwenye baridi hii peke yake, jioni haioni."

Hapo utani ukaniisha, karibu wote.

Nilisimamisha kopo uani. Lilizunguka, namba ikapanda lilipoelekea nyumba ya jirani. Mdogo wangu, binti mwenye ulimi wa kiwembe, akasoma namba akacheka: "Ameenda kutazama tamthilia." Nikakimbilia kwa jirani. Hakuna hata kwato. Ndipo nikayaona mabati yake mapya yaking'aa: mawimbi yalikuwa yanagonga pale na kunirudia, kama mpira ukutani.

Tukapanda kilimani, mbali na mabati yote. Safari hii namba ikapanda kopo lilipoelekea bondeni. Nikachora ramani ya msitu na mstari wa upande huo kwenye daftari la hisabati, kwa mara ya kwanza likiwa na kazi ya maana. Tukahamia kwenye njia pana ya kuzuia moto, tukapima tena. Mstari wa pili ukaukata wa kwanza palipo na kijito.

"Kaka, twende!"

Tulishuka kwa makalio zaidi ya miguu. Namba zinapanda, mdogo wangu anazipigia kelele kama mtangazaji wa mpira. Na pale kwenye magugu, ng'ombe anamlamba ndama mbichi, anayetetemeka, mzima! Nilivua sweta la shule nikamfunika. Nilipiga vigelegele, mimi, mwanaume mzima wa kidato cha tatu.

Nyumbani bibi alimkausha ndama kwa gunia karibu na moto, akamrudishia ng'ombe kengele yake. Kisha akakifunga kidude kwenye mkono wangu, mafundo mawili.

"Ng'ombe namsikia," akasema. "Ni wewe ambaye nikikutuma chumvi sijui unapotelea wapi."

Mdogo wangu alikuwa tayari ameshika kopo.