Nyumba Isiyokula Mafuta ya Taa

Kidawa hakuwa mtu wa kuchezewa. Muuza samaki akimwapia kuwa changu kavuliwa alfajiri, yeye humfunua samaki matamvua palepale sokoni, watu wakaona. Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na moja mumewe Pandu alipopata vyumba viwili vya chini Mkunazini, hakuthubutu kukubali mpaka mkewe avione.

Kilichowatafutisha nyumba ni mafuta ya taa. Kidawa alikuwa akishona kofia kwa mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, na kofia hizo ndizo zilizowalisha tangu Pandu aanguke bandarini akavunjika nyonga. Sasa nyumba yao ya Malindi imeingia kiza. Kila mwaka kinazidi, hata imefika hadi ya kuwasha taa adhuhuri, na mafuta yenyewe siku hizo ni ya kupangia foleni. Kidawa alishikilia kuwa jirani kainua ukuta kwa siri. Pandu alipojaribu kusema ukuta ni uleule, aliulizwa jirani kampa nini. Basi akaenda kutafuta nyumba, maskini.

Mwenye nyumba ya Mkunazini, Bi Sichana, ajuza anayekaa juu, aliwaita waje asubuhi. Loo, hapo ndipo Kidawa aliposhtuka. Asubuhi kila nyumba ina nuru, alisema, huyu bibi ana lake jambo. Wakaenda alasiri, bila taarifa.

Kidawa akamwamkia bibi shikamoo pale ngazini, akaitikiwa marahaba, kisha akaanza kazi yake. Akafungua madirisha, akayafunga, akayafungua tena. Akanyoosha mkono kupima upepo. Akauliza mpangaji aliyetoka alihama kwa nini. Kahamia kwa mwanawe Kidichi, akajibiwa. Kidawa akaguna.

Kisha akaliona shubaka la ukutani, lile la kuwekea taa. Chumba kizima chokaa yake imechakaa, shubaka peke yake jeupe pepe. Akakwangua kwa ukucha. Chini yake masizi.

"Hapa taa ilikuwa ikiwaka mchana kutwa," alisema.

Bi Sichana akaeleza kwa upole kuwa yule mpangaji alikuwa akipika udi wa kuuza, na shubaka hilo ndilo aliloweka chetezo akijaribu harufu. Kidawa akamtazama kama anayetazama mizani ya duka. Pandu aliona haya mpaka akatamani kwenda zake.

Lakini Kidawa alikuwa na dawa ya waongo. Akaketi dirishani hasa, akatoa kofia, sindano na uzi. Akatia uzi ukapita kando. Akaulamba, akausokota, akatia tena. Wapi. Akasogea mpaka mabega yakagusa nondo za dirisha, na tundu la sindano bado halionekani.

"Nlijua," akasema. "Nyumba kiza hii, Bi. Ungenambia tu, tusingesumbuana."

Bi Sichana hakukasirika. Alishuka ngazi ya mwisho, akaichukua sindano mkononi mwa Kidawa, akasimama katikati ya chumba, mbali na dirisha. Uzi ukapita mara moja. Akamrudishia.

Kidawa alidhani ni hila. Akauchomoa uzi, akatoka nje hadi kichochoroni, penye jua la kuchoma kichwa, akainua sindano juu kabisa. Uzi ukapita kando. Akajaribu na jicho moja, akajaribu na la pili. Wapita njia wakampisha. Mikono ilikuwa imara kama siku zote, ila mbele yake palikuwa na ukungu, na ukungu huo ulikwenda popote alipogeuza uso.

Hapo woga ukamshika, woga wa kweli. Akaketi barazani. Ajuza akaja akaketi naye.

Pandu akatoka akichechemea, akauliza kwa hadhari kama watafute nyumba nyingine, isiyo na kiza.

Sindano ilikuwa bado vidoleni mwa Kidawa.

"Hii haina kiza, Pandu," alisema. "Hata ile ya Malindi haikuwa nacho."

Pandu akamchukulia ile kofia mapajani, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.