Mwanya wa Mama Mwila

Fundi wa meno wa soko la Kamina hakupi kioo mpaka ucheke kwanza. Husugua jino la bandia kwa msasa, hulipuliza, hulisugua tena, huku akiimba puani, vidole vyeupe kwa vumbi. Mimi nauza samaki wakavu kando yake, namwona kila siku. Mwaka wa pili wa vita alikuja Mama Mwila, pengo mbele, furaha tele: mume aliyepotezana naye wakikimbia angefika kesho yake kwa treni. Fundi akamwekea meno mawili yaliyobanana, kama ya Wazungu wa kwenye kalenda. Mama akayapapasa kwa ulimi, akagoma kucheka. Fundi akampa kioo hivyo hivyo.

“Meno iko mazuri, fundi, lakini huyu wa kwenye kioo haiko minyi, haiko mimi mwenyewe. Mwanya yangu iko wapi? Bwana yangu atanipita!”

Fundi akajipiga paji la uso. “Unisamehe, mama. Nilikufungia mwanya!”

Akachukua tupa yake ndogo, akapitisha katikati ya meno taratibu. Mama akacheka mpaka samaki wangu wakasahauliwa na wateja.

Kesho yake fundi alifunga meza mapema, akaenda stesheni na tupa mkononi, endapo mwanya hautatosha. Treni haijasimama, Mama akicheka pale jukwaani, mwanamume akapaza sauti dirishani: “Mama Mwila!” Fundi akatia tupa mfukoni, akaanza kuimba puani.